Nani Atamzunguka Nani?

Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wazazi, Amukura, Kaunti ya Busia

Tarehe 3 Agosti 1992, katika uwanja wa Olimpiki wa Montjuïc mjini Barcelona, kijana wa Kenya mwenye miaka 20, Richard Chelimo, alikuwa bega kwa bega na Khalid Skah wa Morocco katika fainali ya mita 10,000. Wengine wote walikuwa wameachwa. Ilipobaki karibu mizunguko mitatu, wawili hao walimfikia Hammou Boutayeb, Mmorocco mwingine, aliyekuwa nyuma yao kwa mzunguko mzima. Badala ya kuwapisha, Boutayeb aliongeza mwendo, akakaa nao, mara mbele yao, mara kati yao. Watazamaji walizomea. Ofisa mmoja aliingia kwenye njia ya mbio kujaribu kumshika. Skah alishinda kwa sekunde moja hivi, akanyang'anywa ushindi, na kesho yake rufaa ikamrudishia dhahabu. Chelimo akabaki na medali ya fedha.

Wakenya huikumbuka mbio ile kwa uchungu, na wana sababu. Lakini ndani yake mna hesabu ambayo kila mwanafunzi wa sekondari anatakiwa kuiweza. Skah alitumia dakika 27 na sekunde 46.70, yaani wastani wa sekunde 66.67 kwa kila mzunguko wa mita 400, au mita 6 kwa sekunde. Tuseme Boutayeb alifikiwa viongozi walipokamilisha mzunguko wa 22. Yeye basi alikuwa amekamilisha 21. Kwa wastani huo, kila mzunguko ulimchukua karibu sekunde 69.8, na kasi yake ilikuwa mita 5.73 kwa sekunde. Tofauti kati yake na viongozi ni sentimita 27 kwa sekunde. Hazifiki urefu wa rula ya shuleni. Lakini zikilimbikizwa sekunde baada ya sekunde kwa dakika 24 na nusu, zinatimia mita 400.

Na Boutayeb alipoamua kukimbia mita 6 kwa sekunde kama waliomfikia, tofauti ikawa sifuri. Mtu ambaye tofauti yake na wewe ni sifuri humpiti, hata ukikimbia naye hadi jioni. Ndiyo maana kanuni za riadha zinamkataza mkimbiaji aliyezungukwa, au anayekaribia kuzungukwa, kumwongoza mwenzake kwa mwendo. Waliotunga kanuni hiyo waliielewa hesabu ya duara vizuri.

Katika mtaala wa Kenya, somo la kasi ya kitu kimoja kikilinganishwa na kingine hufundishwa sekondari, chini ya mwendo wa mstari ulionyooka. Mabasi mawili hutoka Nairobi na Mombasa, yakakutana njiani. Gari moja likafukuza jingine. Treni ikapita daraja. Wanafunzi wengi huyamudu maswali hayo. Wanakwama pale swali linapowapeleka uwanjani, wakimbiaji wawili wakaanza mstari mmoja na kuzunguka. Mwanafunzi aliyekuwa akipanga umbali, kasi na muda bila shida huanza kubahatisha: mara anajumlisha kasi, mara anatafuta kigawe kidogo cha shirika, mara anagawanya tu chochote kinachogawanyika.

Amukura ni mahali pazuri pa kulitatua tatizo hili, kwa sababu uwanja upo. Hapa Teso Kusini, kama kwingineko magharibi mwa Kenya, shule hukimbia kwenye nyasi, mistari ikichorwa kwa chokaa au majivu. Uwanja wa namna hiyo unafundisha jambo ambalo ubao hauwezi: wakimbiaji wawili wanapoachiwa kwa filimbi moja wakielekea upande mmoja, mara tu aliye mwepesi anapotangulia, anaanza kumfukuza mwenzake kwa nyuma. Kwa upande mmoja amemwacha mita 10. Kwa upande wa pili wa duara, ana mita 390 za kumfikia. Ni kweli zote mbili kwa wakati mmoja. Anayelielewa hili ameshaielewa nusu ya mada.

Tuchukue uwanja wa mita 400. Mwenye jezi nyekundu anakimbia mita 5 kwa sekunde, mwenye jezi ya bluu mita 4. Wanaanza pamoja, wakielekea upande mmoja. Nyekundu atamfikia bluu kwa mara ya kwanza baada ya muda gani?

Namna nzuri ya kuanza ni kumsimamisha bluu kwa mawazo. Kila sekunde bluu anaenda mita 4, nyekundu anaenda mita hizo hizo 4 na kuongeza moja. Zile nne zinafutana. Kinachobaki ni bluu aliyesimama na nyekundu anayemwendea kwa mita 1 kila sekunde, huku mbele yake pana mita 400. Jibu ni sekunde 400. Katika muda huo nyekundu amekimbia mita 2,000, yaani mizunguko 5, na bluu mita 1,600, yaani mizunguko 4. Mmoja kamzidi mwenzake mzunguko mmoja kamili. Hiyo ndiyo maana ya kumzunguka mtu, na hiyo ndiyo njia ya kulihakiki jibu.

Wakielekea pande tofauti, mambo hugeuka. Sasa kila mmoja anaula umbali kutoka upande wake, kwa hiyo kasi zinajumlishwa: mita 9 kwa sekunde. Wanakutana baada ya sekunde 44 na desimali 4, na tena baada ya sekunde nyingine kama hizo, na tena.

Hapa ndipo mtego ulipo, na mhadhara huu unaomba walimu wautazame kwa makini. Mwanafunzi aliyefundishwa vigawe anaweza kulijibu swali la kwanza kwa njia nyingine kabisa. Nyekundu humaliza mzunguko kwa sekunde 80, bluu kwa sekunde 100. Kigawe kidogo cha shirika cha 80 na 100 ni 400. Jibu ni lile lile! Mwanafunzi anapata alama zake, mwalimu anaweka tiki, na wote wawili wanaondoka wakiamini kwamba njia hizo mbili ni moja. Si moja.

Tumpunguze bluu kasi, akimbie mita 3 kwa sekunde. Tofauti sasa ni mita 2, na nyekundu anamfikia baada ya sekunde 200. Wakati huo nyekundu amekimbia mita 1,000, mizunguko miwili na nusu. Bluu mita 600, mzunguko mmoja na nusu. Wamekutana, lakini upande wa pili wa uwanja, mkabala na mstari wa kuanzia. Kigawe cha shirika kingetoa sekunde 400, kwa maana chenyewe kinajibu swali jingine: ni lini wote wawili watakuwa tena kwenye mstari wa kuanzia kwa pamoja. Swali la kwanza halijali mahali. La pili linajali. Mtihani unaosema tu "watakutana lini" unataka sekunde 200; unaosema "watakutana lini mahali walipoanzia" unataka 400. Maneno machache yanabadilisha jibu maradufu, na kosa la mwanafunzi hapo si la kujumlisha wala kutoa, ni la kusoma.

Kuna kanuni fupi inayoeleza ni kwa nini mara nyingine njia zinalingana na mara nyingine zinaachana. Chukua uwiano wa kasi zao na uurahisishe kabisa. Wakienda upande mmoja, idadi ya mahali wanapoweza kukutana kwenye duara ni tofauti ya namba hizo mbili. Kwa 5 na 4, tofauti ni 1: mahali ni pamoja tu, mstari wa kuanzia, na ndiyo maana kigawe kilibahatika. Kwa 5 na 3, tofauti ni 2: mstari wa kuanzia na mkabala wake. Wakienda pande tofauti, idadi ni jumla: kwa 5 na 4 kuna mahali 9 palipogawanyika sawasawa kuuzunguka uwanja, na kwa 5 na 3 kuna 8. Darasa linaweza kulithibitisha hili kwa vigingi vya miti, bila kikokotoo: kila wakimbiaji wanapokutana, kigingi kinachomekwa. Kasi zao hazitakuwa kamili kama za kitabuni, kwa hiyo vigingi vitasogea kidogo kutoka mahali pake, na hilo lenyewe ni somo la vipimo.

Wakimbiaji wakiwa watatu, mwanafunzi asihangaike kuwafuata wote. Amsimamishe yule wa polepole zaidi, kisha aulize kila mmoja wa wengine humpita baada ya muda gani. Wakimbiaji wanaomaliza mzunguko kwa sekunde 60, 72 na 90 ni mfano mzuri. Wa 60 humpita wa 90 kila baada ya sekunde 180. Wa 72 humpita huyo wa 90 kila baada ya sekunde 360. Kigawe kidogo cha shirika cha 180 na 360 ni 360, na hapo ndipo watatu wote wanapokuwa pamoja. Kigawe kina kazi yake, lakini kinakuja baada ya tofauti, si badala yake.

Mara nyingi uwanjani kasi haijulikani. Kinachojulikana ni muda wa mzunguko, kwa sababu mwalimu ana saa mkononi. Basi na tutumie muda. Mwenye sekunde 60 anakata sehemu moja ya 60 ya uwanja kila sekunde; mwenye 90 anakata sehemu moja ya 90. Toa ya pili kwenye ya kwanza, upate sehemu moja ya 180. Ndiyo sekunde 180. Kwa ufupi, zidisha nyakati mbili, kisha gawanya kwa tofauti yake: 60 mara 90 ni 5,400, ukigawanya kwa 30 unapata 180. Urefu wa uwanja haukuhitajika kabisa. Uwanja wa shule ukiwa mita 300, au 250, au umepimwa kwa hatua tu, jibu linabaki lile lile.

Tuijaribu njia hii kwa watu wakubwa. Kaskazini mwa nchi ya Wateso unasimama Mlima Elgon, na kwenye miteremko yake upande wa Uganda ndiko alikozaliwa Joshua Cheptegei, katika wilaya ya Kapchorwa. Tarehe 7 Oktoba 2020, mjini Valencia, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11.00, rekodi ya dunia. Tarehe 25 Mei 2024, mjini Eugene huko Marekani, Beatrice Chebet wa Kenya aliweka rekodi ya wanawake ya umbali huo huo, dakika 28 na sekunde 54.14, akiwa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 29. Wangeachiwa pamoja, kila mmoja kwa wastani wake, Cheptegei angemzunguka Chebet lini?

Mzunguko wa Cheptegei ni sekunde 62.84, wa Chebet 69.37. Ukizizidisha na kugawanya kwa tofauti yake, unapata karibu sekunde 668: dakika 11 na sekunde 8. Cheptegei angekuwa amekimbia mizunguko 10 na desimali 63, Chebet 9 na desimali 63. Angemzunguka tena kwenye dakika ya 22, na kabla hajamzunguka mara ya tatu mbio ingekuwa imekwisha. Rekodi mbili zilizowekwa miaka tofauti, mabara tofauti, zinaweza kukimbizwa pamoja kwenye daftari la mwanafunzi wa Amukura kwa hesabu ya mistari minne.

Hesabu za kitabu, hata hivyo, huwachukulia wakimbiaji kama nukta zinazopita moja juu ya nyingine. Wakimbiaji wana miili. Anayetaka kumpita mwenzake lazima atoke nje, na kwenye kona kutoka nje kuna gharama. Njia moja ya mbio ina upana wa mita 1.22. Anayekimbia mita 1.22 nje zaidi kwenye kona zote mbili hukimbia karibu mita 7.67 za ziada kwa mzunguko, kwa sababu mzingo huongezeka kwa mara mbili ya pai kwa kila mita ya nusu kipenyo. Kona moja hula mita 3.83. Sasa turudi kwenye zile sentimita 27. Kona ya uwanja wa kawaida ina urefu wa karibu mita 115.6, kwa mita 6 kwa sekunde inachukua sekunde 19 hivi, na ziada ya sentimita 27 kwa sekunde huzaa mita 5.2. Ukitoa mita 3.83 za kukimbia nje, faida inayobaki ni chini ya mita moja na nusu. Ndiyo maana makocha huwaambia vijana wasubiri sehemu iliyonyooka ndipo wapite.

Gharama hiyo hiyo ya kona ndiyo inayoeleza kwa nini katika mita 400 aliye njia ya 8 huanza akiwa mita 53.03 mbele ya aliye njia ya 1. Watoto wengi wanaoona mbio hizo kwa mara ya kwanza hudhani anapendelewa. Hajapewa hata sentimita moja: wote wana mita 400 kamili. Wa njia ya 1 ana taabu nyingine, kona kali zaidi, na hapo ndipo ukubwa wa John Akii-Bua wa Uganda unapoonekana. Kwenye Olimpiki ya mwaka 1972 mjini Munich alipangiwa njia ya 1 katika fainali ya mita 400 kuruka viunzi, akashinda kwa sekunde 47.82, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 48 katika mbio hiyo.

Wazazi wa Amukura wasiokimbia tena wanaihitaji hesabu hii pia, na wanaihitaji barabarani. Malaba na Busia ndiyo milango ya malori yanayotoka Mombasa kwenda Uganda na kwingineko. Matatu inayokwenda kilomita 80 kwa saa, kikomo kilichosisitizwa na kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, inataka kulipita trela linalokwenda kilomita 50. Tofauti ni kilomita 30 kwa saa, kama mita 8.3 kwa sekunde. Ukihesabu nafasi salama nyuma ya trela, urefu wa trela lenyewe na nafasi ya kurudi mbele yake, si ajabu matatu ikahitaji kuvuna mita 83. Ni sekunde 10. Lakini trela jingine likitokea mbele kwa kilomita 50, kasi hazitolewi tena, zinajumlishwa: kilomita 130 kwa saa, mita 36 kila sekunde. Katika sekunde 10 hizo, mita 361 za barabara zinamezwa. Dereva anayeona mita 300 mbele yake akasema "nafasi iko" ametazama kasi yake mwenyewe akasahau ya anayekuja. Katika matumizi yote ya mada hii, hili ndilo linalostahili kufundishwa kwa sauti kubwa zaidi.

Duara lenyewe lina wakimbiaji wengine wasiochoka. Mishale ya saa ya ukutani ni wawili kati yao. Kwa saa 12, mshale wa dakika huzunguka mara 12 na wa saa mara 1. Uwiano ni 12 kwa 1, tofauti ni 11, basi kuna mahali 11 pa kukutana. Baada ya saa sita kamili, mishale hukutana tena saa saba na dakika 5 na sekunde 27. Watu wengi hutarajia mara 12; kanuni ya tofauti inasema 11, na saa inakubali.

Jua na mwezi ni wengine. Mwezi huizunguka anga mbele ya nyota kwa siku 27.32. Jua, likitazamwa kutoka duniani, huonekana kuizunguka anga hiyo hiyo, kuelekea upande ule ule, kwa siku 365.25. Mwezi ni mwepesi, jua ni zito. Kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni muda ambao mwezi hutumia kulizunguka jua uwanjani na kulifikia tena. Zidisha 27.32 kwa 365.25, gawanya kwa tofauti yake: siku 29.53. Kwa hiyo mwezi wa kalenda ya Kiislamu una siku 29 au 30, na miezi 12 hufanya siku 354 na kidogo. Mwaka huo ni mfupi kuliko wa jua kwa karibu siku 11, na nao unaanza kuufukuza mwaka wa jua. Huuzunguka mara moja kwa kila miaka 33 hivi. Mwaka 1997 Ramadhani iliingia Januari, ikaingia tena mwisho wa Desemba. Jambo hilo litatokea tena mwaka 2030.